Mtungi Mzima Hautobolewi

Mzee Ojwang alikuwa na msemo wake: mtungi haufi, hubadilisha kazi tu. Mtungi wa mafuta ya kupikia ukiisha mafuta huwa wa maji. Ukipasuka kitako hukatwa ukawa karai la kufulia, na karai likichoka hujazwa udongo likaoteshwa dhania dirishani. Shingo huwa faneli. Mkono huwa kishikio cha mlango wa choo. Vipande vinavyobaki huyeyushwa kwa kisu cha moto na kutiwa viraka kwenye mitungi ambayo bado iko hai. Katika ploti ile ya vyumba kumi na vinne, pale nyumba za Kitengela zinapokwisha na tambarare ya kuelekea Kisaju inapoanza, hapakuwa na mlango usiokuwa na kitu kilichopita mikononi mwake. Hata foleni ya maji ilikuwa foleni ya mitungi. Watu waliipanga mitungi yao bombani alfajiri wakarudi kulala, na hakuna aliyethubutu kuusogeza wa mwenzake, maana kila mtungi ulikuwa na alama yake na alama ilikuwa sawa na mtu kusimama pale mwenyewe. Alama ya Ruqia ilikuwa kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mkono wa mtungi.

Ruqia alikuwa mwuza maziwa ya ngamia sokoni, mmoja wa wanawake kumi na wawili walioketi mstari mmoja chini ya turubai la buluu. Mumewe Abshir alinunua mbuzi huko Kajiado na Bissil, akawaweka siku mbili tatu katika boma la miiba nyuma ya ploti, akawapulizia dawa ya kupe, kisha akawauza. Walikaa chumba cha pili. Mzee Ojwang alikaa cha tatu. Mwanawe Ouma, karani katika kiwanda kimoja cha Athi River, alikaa cha sita na mkewe Nanjala, lakini kwao Ugenya mzazi halali chini ya paa la mwanawe. Hata ukiwa Kitengela, hata kodi ikipanda, desturi ni desturi. Kwa hiyo mzee alikodishiwa chumba chake, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya ndani yake, akakigeuza karakana.

Kilichomleta kutoka Ugenya ni sukari. Ilikuwa imeanza kumla macho, na mtu fulani huko kliniki akamwambia maziwa ya ngamia yanasaidia. Basi kila asubuhi alikuja mlangoni kwa Ruqia na kikombe chake cha bati, akanywa amesimama, akapangusa masharubu. Ruqia hakumpimia kama wateja wengine. Baba yake mwenyewe alikufa Wajir yeye akiwa mbali, na mzee huyu mwenye mikono iliyojaa malengelenge ya plastiki alikuwa akimjazia pengo fulani ambalo hakulitaja kwa mtu.

"Mama Khalif, kuja uone kitu," mzee alimwita Ruqia kwa jina la mwanawe, jioni moja ya Jumanne.

Alikuwa ameketi juu ya kigoda chake cha mtungi uliojazwa matambara. Mkononi alishika mtungi mdogo mweupe wa lita tano, mnene, wa plastiki ngumu.

"Hii si ile takataka ya mafuta ya kupikia. Angalia unene. Ilikuwa imepasuka hapa shingoni, nikaishona na kisu. Tia maji, pindua. Haitoi hata machozi."

"Umetoa wapi, Mzee?"

"Mtungi hauulizwi kwao." Akacheka. "Nimeokota huko nyuma. Mtu anatupa kitu mzima namna hii! Watu wa siku hizi hawana adabu."

"Ilikuwa ya nini?"

"Ya maziwa. Nimeosha na sabuni mara tatu, nikasugua na mchanga. Nimetoa mpaka ile karatasi yake, chombo chako haiwezi vaa nguo ya mtu mwingine. Nusa."

Ruqia akanusa. Ulinuka sabuni na plastiki iliyoungua. Mtungi wake wa lita tano, ule wa kupeleka maziwa kwenye hoteli ya Zakariye, ulikuwa umepasuka wiki iliyopita, na kwa kweli alikuwa hajui atapata wapi mwingine mzuri. Akaushika mkono wa mzee kwa mikono yake yote miwili kumshukuru.

"Lakini sharti moja," mzee akasema. "Kikombe ya kwanza ni yangu. Gari mpya lazima mwenye kuitengeneza aionje."

Chombo cha maziwa hakioshwi kwa maji peke yake. Hilo Ruqia alilijua tangu utotoni, na Wamasai aliowakuta huku nao walilijua. Kila Jumapili mama mmoja wa Kisaju alimletea vijiti vya oloirien, mzeituni mwitu wa kufukizia vyombo, wakasalimiana, "Takwenya," "Iko," wakabishana kidogo juu ya bei, wakaachana kwa amani. Usiku ule Ruqia alichoma vijiti vitatu katika kopo, akaukinga mdomo wa mtungi juu ya moshi, akaufunga, akautikisa, akarudia. Mara tatu. Plastiki haivumilii kaa la moto kama kibuyu, na kuifukiza bila kuiunguza ni ujuzi ambao wanawake wa maziwa walijifunza wenyewe kwa hasara ya mitungi mingi. Kesho yake mtungi ulinuka oloirien tu. Alasiri maziwa yalipofika kwa pikapu, akaujaza, akaufunga kitambaa chekundu, akauweka pembeni usubiri asubuhi.

*

Alhamisi mzee alikunywa vikombe viwili.

"Leo iko na ukali kidogo kwa mwisho," alisema, akilamba midomo.

"Ni moshi mpya huo."

"Basi iko sawa. Chombo mpya, moshi mpya." Akaugonga mtungi ubavuni kama mtu anayempongeza ng'ombe, akarudi zake chumba cha tatu.

Ruqia akabeba mitungi yake mikubwa akaenda sokoni. Ule mdogo aliuacha nyumbani, maana mfanyakazi wa Zakariye angeupitia saa tano. Alikuwa amewapimia wateja wanane hivi simu ilipolia. Ilikuwa Nanjala, akihema.

"Mama Khalif, Mzee ameanguka. Tuko kliniki hapa karibu na steji. Ouma hashiki simu. Kuja, tafadhali, niko peke yangu."

Fosiya, mkubwa wao pale chini ya turubai, alimwambia aende, angemwuzia. Ilikuwa saa nne kasoro.

Kliniki ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mzee alilazwa kitandani karibu na dirisha, ametundikiwa maji, shati limelowa kama aliyenyeshewa. Nanjala alikuwa akimpangusa mdomo kwa leso, na kila akimaliza mate yalitoka mengine.

"Sukari imeshuka," alisema mhudumu, kijana anayeitwa Kitonga. "Amejidunga sindano asubuhi na hajakula. Ndiyo maana anatoka jasho na kutetemeka. Tumempa glukosi, ataamka."

Maneno yake yalikuwa na maana. Mtu yeyote angeyakubali. Lakini Ruqia alikuwa amesogea karibu akaona machozi yakimtiririka mzee bila kulia. Akaona nyama za mkono zikirukaruka zenyewe chini ya ngozi. Mzee akafumbua macho kidogo, na mboni zake zilikuwa ndogo kama mbegu za simsim.

Mwaka uliopita mbuzi mmoja wa Abshir aliingiza kichwa katika ndoo ya dawa ya kupe. Ruqia ndiye aliyemshika mpaka mwisho. Mate yalikuwa hivi. Machozi yalikuwa hivi. Macho yalikuwa hivi hivi.

Akamgeukia Kitonga. "Daktari," alisema, "hebu angalia macho yake. Hii macho..."

"Mama, wewe ni wa familia?"

"Mimi ni jirani."

"Basi tusaidie, ungoje nje. Hapa ni padogo."

Nanjala alikuwa akipangusa mate. Ruqia akasimama pale mlangoni, neno limemjaa mdomoni. Angeweza kulisema. Hata angelisema vibaya, hata angelisema nusu, lingetosha. Akatoka nje kama alivyoambiwa, akashuka ngazi, akajiambia kwamba hana hakika. Mtu hawezi kusema jambo zito namna ile bila hakika. Aende kwanza nyumbani auangalie mtungi.

*

Aliyamwaga maziwa yote chooni. Kisha akaupindua mtungi juu ya sahani nyeupe, akaugonga. Hakuna kitu. Akaugonga tena, safari hii akiukamata kitako, mkono wa mtungi ukiwa chini. Mkono wa mtungi wa namna ile ni mtupu ndani, bomba jembamba ambalo maji ya kuoshea hupita mlangoni mwake bila kuingia. Tone moja likaning'inia, zito, la manjano, likaanguka katika sahani. Likafuatwa na jingine. Ruqia akainama akanusa, na nyuma ya moshi wa oloirien akaipata ile harufu ambayo hukaa katika nguo za mumewe kila Jumatatu, siku ya kupulizia mbuzi.

Abshir alimkuta amechuchumaa pale pale. Alitoka bomani na kofia mkononi, akaiona sahani, akauona mtungi.

"Huu umetoa wapi?"

"Ni wako?"

"Nilitupa nyuma ya boma mwezi jana. Nani amekuletea?"

"Mzee. Akautengeneza. Akanywa." Alisikia sauti yake ikipanda. "Mbona hukutoboa, Baba Khalif? Si imeandikwa utoboe ukimaliza? Si wewe ulinisomea?"

"Mtungi mzima hautobolewi!" Abshir alisema, naye akashtuka jinsi alivyosema. "Nani umewahi kumwona akitoboa mtungi mzima? Nilijua mtu ataokota, aweke mafuta ya taa, aweke nini. Sikujua ataweka maziwa."

"Lazima nirudi nimwambie daktari."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Mtu anakufa."

"Ngoja nimesema! Utamwambia nini? Utasema Abshir, Msomali wa mbuzi, ametupa sumu, na mke wake akauza kwa maziwa. Unafikiri watauliza mtungi? Wataniuliza kitambulisho kwanza. Watakamata mimi, watamaliza soko yenu yote. Fosiya, Yurub, wote kumi na wawili. Nani atanunua maziwa ya plastiki tena? Na pengine daktari anajua kazi yake. Pengine ni sukari kweli."

"Nimeona macho yake."

"Umeona macho ya mbuzi, Ruqia. Wewe si daktari."

Hakuwa mtu mbaya, Abshir. Alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Aliwahi kulala seli Isiolo siku nne kwa sababu ya jina lake tu. Akaketi kizingitini. Ruqia naye, ambaye angeweza kumruka na kwenda, akaketi juu ya kitanda. Walikaa hivyo. Saa tano mfanyakazi wa Zakariye akaja, Ruqia akamwambia maziwa yameharibika. Aliiosha ile sahani, kisha akaiosha tena. Akajisemea ataenda Nanjala akipiga simu. Simu haikulia. Akajisemea kutolia kwake ni dalili njema. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema kitu juu ya anayeficha maradhi ya mwenzake.

Adhana ya adhuhuri iliposikika kutoka msikitini, Ruqia aliinuka akatawadhe. Alichota maji kwa kata, na kata ile ilikuwa ya mtungi uliokatwa, kingo zake zimelainishwa kwa moto zisimkate mtu mikono. Mzee aliilainisha kwa siku nzima. Ruqia akaiweka chini. Akaufunga ule mtungi mweupe katika leso, akampita mumewe mlangoni. Abshir hakumshika.

*

"Umejua saa ngapi?" Kitonga aliuliza. Alikuwa ameunusa mtungi mara moja tu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sasa hivi," Ruqia alisema. "Sasa hivi tu."

Kijana yule hakungoja kusikia zaidi. Alifungua kabati, akatoa chupa nne ndogo za dawa, zote alizokuwa nazo, akazidunga moja baada ya nyingine huku akipiga simu ya gari la wagonjwa kwa bega. Mzee alikuwa ameanza kukoroma mate kifuani. Walipomteremsha ngazi mkono wake ulikuwa ukining'inia nje ya shuka, na malengelenge yake ya plastiki yalionekana wazi. Nanjala aliingia garini bila kumtazama Ruqia.

Ouma alikuwa amepatikana hatimaye. Aliambiwa asimame barabarani mbele ya kiwanda, gari limchukue. Alisimama pale Athi River na beji ya kazi shingoni, malori yakimpita. Gari lilipofika likasimama, mlango wa nyuma ukafunguliwa, akapanda. Baba yake alikuwa amekata roho kwenye daraja, dakika chache nyuma.

Kitonga alimweleza Ruqia jioni, alipomwita kuandikisha maelezo. Hakuwa mkali. Alikuwa na macho mekundu, na alionekana mdogo kuliko asubuhi. "Mimi pia nimekosea," alisema. "Nilishikilia sukari. Lakini hii kitu ni ya masaa. Kama ningejua ile saa nne, zile dawa nne zingemshikilia mpaka afike."

Saa nne Ruqia alikuwa amesimama mlangoni pa kliniki hiyo hiyo.

*

Polisi walimchukua Abshir siku mbili, wakamwachilia baada ya maelezo mengi na heshima kidogo. Usiku ule aliporudi alimwambia mkewe jambo ambalo alikuwa akilirudia muda wote selini.

"Ulipoandika maelezo ulisema mtungi ni wako. Mbona? Si ni mzee mwenyewe aliokota? Waambie. Tutapumua."

"Hapana."

"Ni ukweli, Ruqia!"

"Nimesema hapana. Amekufa. Hatamwambia mtu kwamba hakuwa anaona vizuri. Wewe pia usiseme, tafadhali."

Labda Abshir alielewa, maana masaa yale mawili walikaa pamoja. Hakulitaja tena, na tangu siku hiyo alikula chakula chake bomani na mbuzi wake.

Afisa wa afya alikuja sokoni akapiga marufuku maziwa ya plastiki. Wanawake waliambiwa wanunue mikebe ya alumini, na mkebe mmoja ulikuwa faida ya miezi mitatu. Saba waliondoka chini ya turubai. Fosiya, aliyebaki, hakumtukana Ruqia. Alihamisha tu kigoda chake, na waliobaki wakahamisha vyao, mpaka pakawa na nafasi ya mtu mmoja kila upande wa Ruqia. Alikaa pale siku tano bila kuuza kikombe, kisha akaacha kwenda.

Lakini la sokoni lilikuwa na maana yake. Lililomchoma lilikuwa la bombani. Asubuhi moja aliamka akaenda kuuchukua mtungi wake wa maji, aliokuwa ameupanga wa nne kwenye foleni. Aliukuta chini ya ukuta, umelala ubavu, kama mita kumi hivi kutoka kwenye laini. Mtu aliutoa kwa kijiti. Kijiti chenyewe kilikuwa bado kimepenyezwa chini ya kile kitambaa chekundu, mkono wa mtu usije ukagusa. Watu walikuwa wakichota na kuongea habari za mvua. Msichana mdogo alinyoosha mkono ausimamishe, mama yake akamvuta. "Wacha hiyo. Ni ya sumu."

Ruqia aliuinua mwenyewe. Alilia barabara nzima kurudi chumba cha pili, bila kujifunika uso, na hakuna aliyemwuliza kitu.

*

Walimzika mzee Ugenya. Nanjala na Ouma waliporudi baada ya wiki mbili, walianza kuondoa vitu chumba cha tatu, maana mwenye ploti alikuwa amepata mpangaji. Ouma alibeba vyombo akiwa ameinamisha kichwa. Alimpita Ruqia mlangoni mara sita na mara zote sita hakumsalimia.

Ruqia alikuwa ameketi nje na msumari wa inchi sita na jiwe. Alikuwa amekusanya mitungi yote iliyobaki nyuma ya boma, ya dawa na isiyo ya dawa, mizima na mibovu, na alikuwa akiitoboa mmoja mmoja. Kitakoni, ubavuni, halafu mkononi. Mama mmoja aliyekuwa akipita na maji alishindwa kujizuia. "Woi! Mbona unaharibu mtungi mzima?" Ruqia akaendelea kugonga.

Ouma alipoondoka na mzigo wa mwisho, Nanjala akaja. Alisimama mbele ya Ruqia na kitu amekifunika kwa kanga. Alikuwa amekonda. Aliangalia huku, akaangalia kule, akachuchumaa.

"Mama Khalif, nataka kukuonyesha kitu."

Alitoa karatasi. Ilikuwa imebanduliwa kwa uangalifu mkubwa, bila kuchanika hata pembe, na nyuma yake ilikuwa na gundi ya ugali. Rangi zake zilikuwa zimepauka. Katikati ilikuwa picha kubwa ya ng'ombe mnene, mweupe, mwenye afya, ambaye hana hata kupe mmoja. Chini ya ng'ombe, kwa herufi ndogo ambazo jicho linaloliwa na sukari lisingeziona hata darubini ikiletwa, ilikuwa imeandikwa sumu, imeandikwa usitumie tena chombo hiki, imeandikwa toboa.

"Alikuwa ameibandika juu ya kitanda chake," Nanjala alisema. "Nilimwuliza ile wiki, Baba, hii ni nini? Akasema ni ng'ombe wa maziwa, anamkumbusha nyumbani." Akaishusha karatasi. "Mtungi ni yeye alikupatia. Si ndiyo?"

Ruqia aliuelekeza msumari kwenye mtungi mwingine.

"Ulijua na ukanyamaza. Ukaacha watu wakutukane. Mimi mwenyewe nimekutukana huko matangani, mbele ya watu, nimekuita muuaji."

"Wacha hiyo, Nanjala."

"Ouma hajui. Karatasi hii hajaiona." Alishusha sauti. "Mama Khalif, naomba nikuombe kitu mbaya. Usimwambie. Usiambie mtu. Ouma akijua baba yake alijitengenezea kifo na mikono yake, na ni yeye Ouma alimleta huku... na huko kwao watasema alijiua, unajua vile watu wanaongea. Hawezi. Sasa ana mtu wa kukasirikia. Hiyo ndiyo inamsimamisha." Alianza kulia. "Najua ni makosa. Najua nakubebesha. Lakini wewe tayari umebeba."

"Sitasema," Ruqia alisema.

Nanjala alimshika mikono yote miwili, akaibana, msumari ukiwa bado ndani yake. "Wewe ni mtu mzuri. Mungu anaona. Na hata siku ile, ulipogundua tu ulikimbia kliniki. Si ulikimbia? Ouma anasema ulichelewesha makusudi, nikamwambia hapana, Mama Khalif ni mtu anakimbia."

Jua lilikuwa juu ya boma, mbuzi walikuwa wakilia kwa kiu. Ruqia aliutazama uso ule uliokuwa ukimsubiri, uso wa mtu pekee katika ploti nzima aliyerudi kumgusa mikono. Neno lilimjaa tena mdomoni, lile lile la saa nne, halikuwa limeenda popote.

"Nilikimbia," alisema.

Nanjala akaipangusa pua kwa kanga, akainuka. Aliikunja karatasi ya ng'ombe mara nne, akaiingiza katika kopo la majivu ya oloirien, akaiwasha kwa kiberiti, wote wawili wakaitazama mpaka ng'ombe akaisha. Kisha akakumbuka. "Na hii. Ilikuwa kwa meza yake. Nadhani ni yako." Aliiacha miguuni pa Ruqia, akaenda haraka, kabla Ouma hajarudi.

Ilikuwa faneli, shingo ya mtungi wa maji iliyokatwa vizuri na kulainishwa kwa moto kingo zote. Ubavuni mzee alikuwa ameanza kuchora kwa msumari, herufi kubwa zilizopinda za mtu asiyeona anachoandika: MAMA KHALI. Hakuwa amemaliza.

Ruqia aliiweka juu ya jiwe. Akauelekeza msumari, akainua mkono. Akaigeuza upande mwingine, akaelekeza tena. Faneli ilikuwa wazi juu na wazi chini, haikuwa na pa kutobolewa. Alikaa nayo mapajani mpaka Abshir alipotoka bomani, akamwuliza kama kuna maji, naye akamwambia hakuna.